Mjumbe Aendaye Mkutanoni Nairobi

Kila mwaka vyama vya ushirika, makanisa, vyama vya waalimu na vya wafanyakazi huchagua wajumbe na kuwatuma Nairobi kuhudhuria mikutano. Mjumbe hupewa nauli iliyochangwa na wenzake, hupewa maneno ya kwenda kuyasema, na siku ya kuondoka huagwa kwa heshima. Lakini mara nyingi mtu aliyesafiri kilometa mia tatu salama salimini hushindwa na kilometa tatu za mwisho. Hufika mjini alfajiri, na saa nne angali akizunguka, mfuko mkononi, akiulizia mlango wa mkutano.

Husemwa kwamba mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini mjumbe achelewaye huyaua maneno aliyopewa, kwa kuwa kura ikiisha kupigwa hairudiwi kwa ajili ya mtu aliyekwama barabarani. Yafaa basi kila mjumbe, na kila kamati imtumayo mjumbe, ifahamu kwamba safari ya Nairobi haikomi penye stendi ya basi wala penye stesheni. Hukoma pale mjumbe aketipo kitini pake mkutanoni, na karatasi zake mbele yake.

Na atwaliwe kwa mfano mkulima wa kahawa kutoka milima ya Kisii, ambaye wenzake wamemtuma kwenye mkutano utakaofunguliwa saa tatu asubuhi katika Jumba la Mikutano la Kenyatta. Ana haja ya kujua mambo gani?

MJI ULIOZALIWA NA RELI

Kwanza yampasa aufahamu mji wenyewe. Nairobi haukuanza kuwa mji wa watu wengi. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1899, na wajenzi wakaweka maghala na karakana zao katika uwanda wenye maji baridi, mahali ambapo Wamasai walipaita Enkare Nyirobi. Hapo palikuwa pahali pa kupumzika kabla ya kuanza kazi ngumu ya kuipitisha reli katika Bonde la Ufa. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 ilipofanywa, miaka mia moja baadaye, mji ulikuwa umekwisha kupita watu milioni mbili. Na hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu wapatao 4,397,000.

Watu wameongezeka, lakini katikati ya mji ni pale pale. Barabara kubwa zote huelekea huko kama spoki za gurudumu la baiskeli: ile ya Mombasa kutoka kusini, ya Thika kutoka upande wa Mlima Kenya, Waiyaki Way kutoka magharibi, na Jogoo Road, Ngong Road na Lang'ata Road kutoka mitaa wanamokaa wafanyakazi. Asubuhi, tangu saa kumi na mbili hata saa tatu, magari yote huingia. Jioni, tangu saa kumi hata saa mbili, yote hutoka. Ndiyo sababu mwenyeji wa Nairobi akiulizwa urefu wa njia hajibu kwa kilometa, hujibu kwa saa. Safari ya kilometa kumi yaweza kumalizika kwa robo saa siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu ikachukua saa moja na nusu. Mvua ikinyesha, hasa katika miezi ya masika tangu Machi hata Mei, hesabu hiyo nayo huharibika.

Mkulima wetu wa Kisii aliyezoea kusema, "Ni karibu tu," yambidi auache msemo huo nyumbani.

MILANGO YA MJI

Atokaye magharibi kwa basi la usiku hupita Narok na Mai Mahiu, huupanda ukingo wa Bonde la Ufa gizani, na kuingia Nairobi kabla ya jogoo kuwika. Mabasi mengi ya mbali huishia katika kituo kiitwacho Machakos Country Bus, kando ya Landhies Road, au katika ofisi zilizo karibu na River Road na Accra Road. Desturi njema ya wasafiri wenye busara ni kutotoka mle garini wala ofisini mpaka kupambazuke. Aliye na haraka ya kutembea saa kumi za usiku katika mitaa asiyoijua, na fedha za chama mfukoni, hujitafutia hasara ambayo hataweza kuieleza mbele ya wanachama.

Atokaye Pwani ana bahati ya kuchagua. Zamani gari la moshi la Mombasa lilikwenda usiku kucha, na abiria akaamka akitazama wanyama katika tambarare za Athi. Tangu mwezi wa Juni, mwaka 2017, abiria huchukuliwa na treni ya reli mpya, na safari ya haraka huchukua saa kama tano. Lakini hapo ndipo wageni wengi hukosea hesabu. Stesheni kubwa ya reli mpya haiko katikati ya Nairobi. Iko Syokimau, upande wa kusini, na kutoka huko hata mjini ni mwendo wa kilometa kama ishirini. Watu hushuka kwa mamia kwa wakati mmoja, na wenye teksi wawajua wageni kwa kuwatazama macho. Mjumbe asibabaike. Iko treni ndogo iwachukuayo abiria kutoka hapo mpaka stesheni ya zamani iliyo katikati ya mji. Nauli yake ni ndogo kuliko ya teksi, nayo haizuiwi na msongamano wa magari. Ila haingoji mtu. Ashukaye aiendee mara moja, mizigo ataipanga akiisha kuketi.

Ajaye kwa ndege hushuka Embakasi, penye kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1958 na kupewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Wazee wakumbuka kwamba kiwanja hicho kilijengwa kwa jasho la watu waliokuwa vifungoni wakati wa Hali ya Hatari. Toka hapo kuna njia tatu za kufika mjini. Ya kwanza ni basi au matatu ya namba 34, ambayo ni rahisi kwa bei lakini husimama kila mahali. Ya pili ni teksi kwa njia ya chini. Ya tatu ni teksi kwa ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilometa 27 kutoka Mlolongo hata Westlands. Barabara hiyo huokoa muda mwingi wakati wa asubuhi. Lakini kabla ya kupanda, abiria aulize wazi ni nani atakayelipa ada ya barabara, yeye au dereva. Magomvi mengi ya teksi huanza kwa neno ambalo halikusemwa mwanzoni.

MATATU NA ADABU ZAKE

Mabasi ya mji yalianza kazi Nairobi mwaka 1934, na kwa miaka mingi mwenye basi alikuwa ndiye mwenye njia. Matatu zilikuja baadaye, zikichukua watu kwa senti kumi tatu, na ndiko lilikotoka jina lake. Kwa Kikuyu tatu ni "ithatu" na hesabu ya sarafu hizo ikawa "matatu". Mwaka 1973 Rais Kenyatta alizipa ruhusa ya kuchukua abiria bila leseni ya magari ya abiria, na tangu hapo zikaenea kama mvua ya vuli. Mwaka 2004 serikali ilizifunga hatamu: ukanda wa manjano ubavuni, mikanda ya usalama vitini, kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa, na sare kwa dereva na utingo.

Mgeni akiyaona magari hayo yamepakwa rangi za kila namna, yakipiga muziki kwa nguvu, huenda akadhani hayana utaratibu. Utaratibu upo. Kila njia ina namba yake: 46 yaenda Kawangware, 111 yaenda Ngong, 45 yaenda Githurai, 237 yaenda Thika. Anayeijua namba haulizi tena. Lakini namba haitoshi, kwa maana kila njia ina kituo chake katikati ya mji, na vituo hivyo huhamishwa mara kwa mara kwa amri ya mji. Aliyepandia pahali fulani miaka mitano iliyopita asiende akang'ang'ania papo hapo, aulize. Kuuliza si ujinga. Ila amchague wa kumwuliza: askari wa kazi, mwenye duka aliyeko dukani mwake, au mama auzaye magazeti. Yule anayemjia mgeni mbio, akamshika mkono, akamchukulia mfuko kabla hajaombwa, huyo hakuulizwa, na haifai kumfuata.

Nauli nayo haina kauli moja. Saa tano za mchana huwa ndogo. Saa kumi na mbili za jioni huongezeka. Na wingu likitanda huongezeka tena kabla ya tone kuanguka. Basi mjumbe na aulize nauli akiwa chini, mguu wake haujapanda, na awe na fedha ndogo ndogo. Akilipa kwa simu, kama ilivyo desturi ya wengi tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, abonyeze namba mwenyewe. Simu na namba ya siri hazipewi utingo wala jirani, hata akiwa na uso wa upole namna gani.

Kuhusu teksi ziitwazo kwa simu, zimewapunguzia wageni magomvi ya bei, kwa sababu bei huonekana kabla ya kuondoka. Hata hivyo abiria asome namba ya gari iliyoandikwa katika simu, ailinganishe na ile iliyo kwenye gari, ndipo afungue mlango. Na pikipiki, yaani bodaboda, ni upesi kuliko vyote. Lakini mjumbe ajiulize kama maneno ya watu mia tano yafaa kupitishwa katikati ya malori mawili. Akipanda, avae kofia ya chuma, na asikubali kukaa watatu.

MIGUU NDIYO GARI LA KARIBU

Wageni wengi hawajui kwamba katikati ya Nairobi ni padogo. Toka stesheni ya zamani ya reli hata Jumba la Mikutano la Kenyatta, mtu mzima hutembea kwa robo saa hivi. Gari laweza kuchukua muda huo huo likiwa limesimama tu.

Mkulima wa Kisii akianzia stesheni, avuke Haile Selassie Avenue kwa uangalifu na kuifuata Moi Avenue, ambayo wazee huikumbuka kwa jina la Government Road. Kushotoni, penye pembe, ataona bustani yenye ukuta wa majina. Hapo ndipo ulipolipuka bomu tarehe 7 Agosti, mwaka 1998, likaua watu zaidi ya mia mbili katika Nairobi. Wengi wao walikuwa makarani, wachuuzi, na abiria waliokuwa njiani kwenda kazini kama watu wa siku nyingine yoyote. Karibu na hapo limesimama jengo refu la Benki ya Ushirika, ambalo nalo lilijeruhiwa siku ile. Mwanachama wa ushirika yafaa asimame kidogo alitazame, kwa maana benki hiyo ilianzishwa na vyama vya wakulima kama chake.

Kisha apinde kushoto kuingia Harambee Avenue, penye ofisi za serikali, na hatakosa kuliona Jumba lenyewe, mnara wa mviringo wenye ghorofa 28. Lilianza kujengwa mwaka 1967, kwa michoro ya David Mutiso wa Kenya na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, likamalizika mwaka 1973. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo mkutano wa Benki ya Dunia na wa Shirika la Fedha la Kimataifa ukafanyika humo. Mwaka 1985 wanawake kutoka pande zote za dunia walikutana Nairobi, na Jumba hilo ndilo lililowapokea. Mkulima asione haya kuingia. Viti vile vilijengwa viketiwe na wajumbe, naye ni mjumbe.

Lakini mlangoni kuna kazi. Mifuko hupitishwa katika mashine, na watu hupekuliwa. Kitambulisho lazima kiwe mkononi, wala si chini kabisa ya mfuko, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko mwingine. Kile kisu kidogo ambacho mkulima hukitembeza mfukoni siku zote kitazuiliwa, na mwenyewe ataanza kujieleza hali watu wakimngoja nyuma. Kikae nyumbani. Mlolongo wa kuandikisha majina huwa mrefu asubuhi ya kwanza. Ajaye saa mbili huingia kwa utulivu, ajaye saa tatu kasoro dakika tano husikia hotuba ya kufungua akiwa nje.

MKUTANO WA NAIROBI SIO LAZIMA UWE MJINI

Kosa jingine kubwa ni kutoisoma barua ya mwaliko hata mwisho. Mtu huona neno "Nairobi" akaridhika. Mikutano ya Umoja wa Mataifa hufanyika Gigiri, kaskazini mwa mji, kilometa kama kumi kutoka katikati. Huko hufikiwa kwa matatu ziendazo Ruaka kwa Limuru Road, na langoni mtu asiye na jina katika orodha haingii, hata akiwa ametoka Turkana. Mikutano mingine huwa Kasarani, penye uwanja mkubwa wa michezo, kando ya Barabara ya Thika. Mingine huwa Karen au Westlands.

Nchi ina mfano wake mkubwa katika jambo hili. Mwaka 2003 na 2004 wajumbe 629 kutoka kila wilaya walikusanyika Bomas, katika Lang'ata, kuzungumza juu ya katiba. Walikuwako wakulima, wafugaji, wabunge na masheikh, na majadiliano yalikwenda kwa miezi. Pahali pale pako nje ya mji, kwenye njia ya matatu za Rongai. Mjumbe aliyelala karibu na River Road ilimpasa kuvuka mji mzima kila asubuhi. Aliyepata malazi upande ule ule wa Lang'ata aliamka bila wasiwasi. Fundisho lake ni hili: mjumbe atafute pahali pa kulala karibu na mkutano, wala si karibu na kituo cha basi alikoshukia, hata kama bei imezidi kidogo. Ile nafuu ya chumba hulipwa tena kwa nauli ya asubuhi na jioni, na kwa saa zilizopotea njiani.

SIKU ZA WAKUU

Wageni wakubwa wakija, njia hufungwa. Mwezi wa Septemba, mwaka 2023, marais wa Afrika walipokutana katika Jumba la Kenyatta kuzungumza juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi, polisi walizifunga barabara zilizo karibu na Jumba hilo. Ilikuwa vivyo hivyo mwezi wa Agosti, mwaka 2016, walipokutana na Waziri Mkuu wa Japani. Siku kama hizo matatu huwashusha watu mbali, na teksi haikaribii. Mwenye viatu vizuri humshinda mwenye gari zuri. Amri za kufunga njia hutangazwa siku moja au mbili kabla, katika redio na magazeti. Mjumbe asikilize habari za jioni kabla hajalala.

KURUDI NI SEHEMU YA KAZI

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mkutano ukiisha Ijumaa jioni, mji wote nao unatoka. Nauli za mbali hupanda, na mwezi wa Desemba hupanda zaidi. Yafaa tiketi ya kurudi inunuliwe mapema, asubuhi ya siku ya kwanza ikiwezekana, au kwa simu.

Tena kuna hesabu. Matatu nyingi hazitoi stakabadhi. Basi mjumbe awe na daftari ndogo, na kila ashukapo aandike: tarehe, toka wapi, hata wapi, shilingi ngapi. Kazi hiyo ni ya nusu dakika. Mkulima wa Kisii atakaposimama mbele ya wenzake Jumapili baada ya ibada, wataka kujua mambo mawili: alisema nini kwa ajili yao, na fedha zao zilikwenda wapi. Mwenye daftari hujibu yote mawili bila kukuna kichwa.

Lakini lawama si ya mjumbe peke yake. Kamati nyingi, zikiona hesabu ya safari, hupunguza kwanza gharama ya kulala. Husema, "Asafiri usiku, afike asubuhi, aingie mkutanoni moja kwa moja." Kwa hivyo humwokolea mwanachama shilingi chache, na kumtuma mkutanoni mtu ambaye hakulala, hakunawa, hakula, na ambaye basi lake likipata pancha Narok hatafika kabisa. Chama kilichongoja mwaka mzima kupata nafasi ya kusema habari ya bei ya kahawa yake, na ambacho hukosa kusema kwa ajili ya gharama ya kitanda cha usiku mmoja, hakikuweka akiba, kimetupa.

Mjumbe na atumwe siku moja mbele. Afike mchana, aoge, aiendee njia ya mkutano kwa miguu akiitazama, alijue lango, kisha arudi alale. Kesho yake, saa tatu ikigonga na mwenyekiti akiuliza kama yuko mjumbe wa Kisii, sauti itatoka ndani ya ukumbi kuitika, wala haitakuwa imekwama juu ya Waiyaki Way.